Mwaka Nilioshindwa Kumwita Mavyaa

Wifi yangu Zuhura amezikwa Biharamulo, na mimi nilifika watu wakiwa wameshatoka makaburini, kwa sababu gari la kutoka Ngara lilituharibikia njiani. Sikujali kama nimechelewa. Niliingia chumba cha wanawake nikaangua kilio changu chote mlangoni, nikasema yaliyonijia mdomoni: "Zuhura, mwana wa mavyaa wangu, umeniacha na nani?" Walinishika, wakanikalisha mkekani, wakanipa kahawa. Nilipotulia, mjukuu wake mmoja, msichana mwalimu wa shule, akanisogelea kwa adabu akaniuliza, "Bibi, samahani, mavyaa ndiyo nini?" Nikacheka ndani ya machozi, nikawageukia wanawake waliojaa mle chumbani ili wamjibu wao. Hakuna aliyejibu. Mmoja akasema labda ni jina la ukoo. Mwingine, mzee kiasi, akasema anadhani ni ugonjwa wa akina mama. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika mji ule neno hilo lilikuwa limebaki na watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyezikwa siku ile. Nilimjibu msichana kwa kifupi, maana msiba si darasa. Jibu refu nimekuja nalo nyumbani, na ndilo hili.

Mavyaa ni mama wa mume. Si mama wa mke, wala si mama mkwe wa kila mtu, kwa maana mwanamume hana mavyaa hata afanye nini. Ni neno la mwanamke aliyeolewa, analitumia kwa yule aliyemzaa mumewe, na wazee wa pwani waliolisema walisema pia vyaa pale sisi tuliofundishwa Kiswahili cha shule tunaposema zaa. Halifuatani na jina. Husemi mavyaa fulani; unasema mavyaa, basi, naye anageuka. Mimi nilijifunza hayo yote katika mwaka mmoja wa ujana wangu, zamani za Mwingereza, mwaka wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, na katika sehemu kubwa ya mwaka huo sikuweza kulitamka. Jina la mavyaa wangu sitaliandika hapa. Kwetu Wahangaza mkwe hatajwi jina, na sioni kwa nini niache adabu hiyo uzeeni nilipoishika ujanani. Mume wangu nitamwita Sefu, kwa kuwa yeye ameshatangulia na hawezi tena kunigombeza.

Nililetwa Biharamulo kutoka kijijini kwetu Nyamiaga, Ngara, nikiwa nyuma ya lori, juu ya magunia, nimefunikwa kitambaa kichwani. Ndoa ilikuwa imefungwa Ngara, kwenye baraza la duka dogo walilokuwa nalo huko. Jinsi wazee walivyokubaliana siandiki, ni habari ndefu na haina utamu. Nyumba ya Biharamulo ilikuwa na duka mbele, ukumbi mrefu katikati wenye vyumba huku na huku, na nyuma ua uliozungushiwa matete. Ilinuka karafuu, mafuta ya taa na ngozi mbichi za ng'ombe, harufu tatu ambazo sikujua zinaweza kukaa pamoja. Chumba changu kilipakana na baraza. Ukuta wake ulikuwa wa udongo na juu haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa barazani kilipanda, kikapita, kikaniangukia kitandani. Nimesikia mengi kwenye kitanda kile. Kiswahili changu chenyewe nilikipata hapo zaidi kuliko shuleni, nikiwa nimelala chali nikisikiliza watu wasioniona.

Mwenye nyumba ile, kwa kweli, alikuwa mama yake Sefu. Mumewe alikuwa amekufa zamani, na duka, ua, jiko na sisi sote tulikuwa chini ya sauti yake, ambayo haikuwa kubwa. Alizaliwa Pangani akaletwa bara akiwa mke kijana. Alikuwa mwembamba, mnadhifu kupita kiasi, na kila Ijumaa alipika wali. Nazi hazikufika Biharamulo, basi alitwanga karanga, akazikamua kwa maji ya moto, akapata tui lake, akalionja kwa ncha ya mwiko na kukunja uso. Alifanya hivyo kila Ijumaa, kana kwamba safari hii alitumaini litakuwa nazi. Nilimpenda tangu Ijumaa ya kwanza kwa sababu ya uso ule. Bahati mbaya sikuwa na njia ya kumwambia.

Kwetu Nyamiaga, wakati ule, bibi arusi alikaa ndani. Hakufagia, hakupika, na hakufungua kinywa mbele ya wazazi wa mumewe mpaka mama yake mzazi aje kumfunua. Mama alikuja na wanawake wenzake, wamebeba vikapu vya unga wa mtama na maharage, chungu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, samli, na ufagio mpya. Alimwondolea mwanawe kitambaa kichwani mbele ya wakwe, akampa ufagio, akamwambia sasa hapa ni kwako, fanya kazi, sema. Kuanzia hapo msichana alikuwa mtu wa nyumba ile. Aliyejifunua mwenyewe alionekana ametupwa na kwao, au hana kwao kabisa. Mama yangu alikuwa ameniahidi kuja mwezi ukiandama. Lakini mwezi haujaandama, tukasikia malale yamezidi katika mapori ya katikati, na njia ya Ngara ikafungwa. Asiye na cheti cha dokta hapiti. Malori ya wafanyabiashara yaliruhusiwa mara chache, wanawake wenye vikapu hawakuruhusiwa kabisa.

Kwa watu wa Pangani mambo yalikuwa mengine. Kwao fungate ikiisha, asubuhi bibi arusi anatoka, anamwendea mama wa mumewe, anambusu mkono na kusema, "Shikamoo, mavyaa." Mimi sikuwa na habari. Asubuhi ile nilimkuta amekaa kwenye kiti ukumbini, amevaa kanga mpya iliyokuwa bado inachakacha, ametia udi, mkono wake wa kulia ameuweka mbele kidogo. Nilipiga magoti kwa mbali kama tulivyofundishwa, nikapiga makofi polepole bila sauti, nikainamisha macho, nikarudi chumbani. Heshima kubwa kuliko hiyo sikuwa nayo. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akautumia kurekebisha kanga begani. Sikuelewa nilichokosa, ila moyo uliniuma.

Basi tukaanza kuishi hivyo. Sefu alikuwa safarini wakati mwingi, mara Mwanza mara Bukoba, kufuata bidhaa, na alipokuwepo alikuwa akiniambia kwa upole, "Utazoea tu," jibu la mwanamume asiyetaka kusimama katikati. Aliyesimama katikati ni Zuhura. Alikuwa rika langu, mcheshi, domo kaya, na kwa kuwa wifi si mzazi, niliruhusiwa kusema naye. Kwa hiyo nilikuwa namwambia Zuhura, naye anamwambia mama yake, hata kama sote watatu tumeketi ua mmoja. Siku moja nilikuwa peke yangu na mama yake jikoni. Yeye alikuwa ameipa sufuria mgongo akichambua mchele mwingine, na wali ukaanza kufurika kwenye moto. Kumwambia siwezi, kuepua siwezi, kazi si yangu. Nilikimbia mpaka dukani nikamwambia Zuhura amwambie mama yake kwamba wali unafurika. Tuliporudi ulikuwa umeungua. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka, aliutazama ukoko, akanitazama, akasema taratibu, kama anayejisemea, "Yaani hata kwa moto haniiti."

Mchana ule Zuhura aliponisuka nywele ndipo aliponieleza neno lenyewe. Alinieleza huku akinivuta kichwa kwa hasira. Mama yake, alisema, alipoolewa Pangani alimkuta mavyaa aliyempenda kuliko mama yake wa kumzaa. Ndiye aliyemfundisha kupika, aliyemkanda maji ya moto alipojifungua, aliyemsitiri alipogombana na mumewe. Alipohamia bara alimwacha mgonjwa, na hakumwona tena. "Tangu hapo," Zuhura alisema, "neno limemkaa mdomoni, hana wa kumwambia. Na huku nani atamwita yeye? Mimi ni mwanawe, namwita mama. Jirani humwita Mama Sefu. Kaka yangu ni mwanamume, tena wa pekee. Ni mke wake tu anayeweza kumwita. Ni wewe tu, duniani kote." Nilikuwa nimedhani kwamba ananidai heshima ambayo tayari nampa, kumbe alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwa nikimngoja mama yangu, na mama yangu alikuwa akingoja njia.

Ilikuwa siku za jua kali kabla ya mvua za vuli nilipoyasikia yale yaliyonitoa usingizini mchana. Barazani alikuwa amekuja Mama Tatu, jirani, Msubi mmoja mnene mwenye moyo mzuri, maneno yasiyochujwa na ulimi uliochanganya l na r. "Mama Sefu," akasema, "huyu mkweo ni bubu? Mbona mdomo anao, namwona anakura?"

"Anao," akajibiwa. "Kwa Zuhura anao. Kwa mumewe anao. Kwangu mimi hana."

"Labda anakudhalau. Hawa wa Ngara wana kiburi cha kichinichini."

Nilishika nguzo ya kitanda. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ile isiyokuwa kubwa, "Kaka yangu wa Tabora ana binti. Amelelewa kwa adabu za kwetu, anajua mtu anaitwaje. Sefu akirudi nitasema naye. Njia ikifunguliwa, huyu arudi kwao kwa salama, simchukii, mwenzangu. Lakini nimeshazeeka. Siwezi kufa na mgeni ndani ya nyumba."

Nililia nikiwa nimeuma mto. Sikulia kwa kuogopa kurudishwa tu, ingawa niliogopa, maana nilikuwa nimempenda Sefu na mimba ilikuwa imeanza kunichagulia vyakula. Nililia kwa sababu alisema hanichukii. Zuhura alinikuta hivyo, nikamwambia yote, naye akawaka. "Mwite basi! Neno moja tu! Nenda sasa hivi ukamwite, mambo yaishe!"

"Siwezi," nikasema. "Zuhura, mama yangu yu hai. Nikijifunua mwenyewe nimesema sina mama."

Akanitazama kwa muda, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu aliacha kupayuka, kitu kisicho cha kawaida kwake. Akatoka. Nikamsikia ukumbini, upande wa pili wa pazia langu. "Mama, huyu hajafunuliwa."

"Fungate si ilikwisha zamani?"

"Kwenu ilikwisha. Kwao bado. Mama yake hajaja, njia imefungwa. Mpaka aje, haruhusiwi kukusemesha. Hakudharau, mama. Anakuheshimu mpaka anaunguza wali."

Nilisikia kiti kikilia. Halafu akauliza, polepole, "Huyo mama akija, huwa anafanyaje?" Zuhura hakujua, akachungulia kwenye pazia, nami nikamnong'oneza, naye akarudia kwa sauti: vikapu, unga wa mtama, rubisi, samli, ufagio, kitambaa. "Rubisi haiingii nyumbani kwangu," akasema. Kisha akauliza, "Togwa je?" Zuhura akachungulia. Niliitikia kwa kichwa. Sikujua kwa nini anauliza. Nilidhani anataka tu kujua.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, hakupika wali. Zuhura alinivalisha, akanifunika kitambaa, akanikalisha ukumbini na kukataa kusema lolote, jambo lililonitisha zaidi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua linaingia mpaka miguuni pangu. Nikasikia hodi nje. Aliingia yeye, mama yake Sefu, na kikapu kichwani. Mtu wa Pangani hakuwahi kubeba kitu kichwani maisha yake yote; aliishika kata ya kichwani kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono mwingine, anatembea kwa kujikaza huku unga wa mtama ukimwagikia begani. Nyuma yake Mama Tatu alibeba chungu cha togwa na ufagio, naye kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Mama yake Sefu alikuwa amevua kanga zake za sikukuu, akajifunga shuka kuukuu fundo begani, kama wanawake wa kwetu waliokuja sokoni. Akashusha kikapu. Akapiga magoti mbele yangu, yeye mama wa mume mbele ya mkaza mwana, nikataka kuinuka, Zuhura akanikandamiza.

"Mwana wanje," akasema.

Lugha yetu hakuijua. Maneno hayo, yaani mwanangu, alikwenda kuyauliza sokoni kwa Wahangaza wauza ngozi, na niliambiwa baadaye kwamba walimcheka na yeye akavumilia, akayarudia mpaka yakamkaa. Akanipaka samli kidogo kwenye paji la uso. Akaniondolea kitambaa kwa mikono yote miwili. Akaniwekea ufagio mapajani, akasema kwa Kiswahili sasa, "Njia imefungwa, mwanangu, mamako hawezi kupita. Nimekuja badala yake. Nimetoka Nyamiaga leo. Hapa ni kwako. Fanya kazi. Sema." Tukanywa ile togwa kwa zamu, chungu kimoja, wanawake wanne. Alikuwa ametia hiliki, kosa ambalo hakuna mama wa Nyamiaga angelifanya, na sijawahi kunywa togwa tamu kama ile.

Halafu akasimama, akatoka nje na kikapu kitupu, kama mgeni anayerudi kwao Nyamiaga. Tukamsikia akizunguka nyumba. Akaingia kwa mlango wa uani, akapita chumbani kwake, akatokea amevaa kanga zake, akaketi kwenye kiti chake. Hakunyoosha mkono. Aliiweka mikono yote magotini akatazama ukuta. Niliinuka na ufagio wangu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lile kimoyomoyo kwa miezi, lakini lilipotoka lilitoka dogo. "Shikamoo, mavyaa."

"Marahaba," akasema. Kisha akasema, "Rudia."

"Mavyaa."

"Tena."

"Mavyaa." Akafunika uso kwa kanga. Nilimbusu mkono, ulikuwa na unga wa mtama bado. Siku ile nilifagia ua wote, nikafagia mbele ya duka, na nisingezuiwa ningefagia mpaka kwa Mama Tatu. Sefu aliporudi alitukuta jikoni tunabishana kuhusu chumvi. Alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Kumbe sasa mko wawili, mimi nitapona?" Habari za binti wa Tabora hakuzisikia kamwe, labda azisome huko aliko.

Njia ilifunguliwa mvua zilipokwisha, na mama yangu akaja. Alikuja kama alivyoahidi, na wanawake wenzake, wamechoka kwa safari, vikapu, unga, ufagio, kila kitu isipokuwa rubisi iliyochacha njiani wakaimwaga. Alinikuta uani, tumbo limekuwa kubwa, nimeinama ninafagia. Alisimama palepale. Mwanamke wa kwetu akikuona unafagia kwa wakwe hahitaji kuambiwa. Alishusha kikapu chake taratibu, na uso ulioniangalia sikuutaka.

"Nani amekufunua?" akauliza, kwa lugha yetu.

Mavyaa alikuwa ametoka mlangoni. Hakuelewa maneno, lakini aliona kikapu na ufagio, akaelewa kuliko mimi. Akashuka ngazi, akasimama mbele ya mama yangu kama mtu aliyekamatwa. "Mwambie," akaniambia, "mwambie niliiazima nafasi yake siku moja, kwa sababu mtoto alikuwa anateseka. Sikuichukua. Leo amekuja, namrudishia."

Nilitafsiri. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kanga zake, mikono yake, uso wake. "Unamwitaje?" akaniuliza.

"Mavyaa."

"Ndiyo nini?"

"Aliyemzaa mume wangu. Kwao halisemwi na mtu mwingine, ila mke wa mwanawe."

Mama akalirudia kimyakimya, midomo yake ikicheza. Kisha akaokota ufagio wake mpya kwenye kikapu, akaushika kwa mikono miwili, akampa mavyaa, si mimi. Alisema maneno machache akageuka upande ili asionekane machozi. Mavyaa akanitazama akingoja, ufagio mikononi, hajui amepewa nini.

"Mavyaa," nikamwambia, "mama anasema Ngara ni mbali. Anasema nafasi hiyo ukae nayo."